Vifungo vya India Ulivyonificha

Fundi wangu Zakaria,

Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya mashini yako, na ninakuandikia kwenye karatasi za kaye yako mwenyewe, lile daftari lako, zile za mwisho ambazo hukuzijaza. Sijui barua ya namna hii inapelekwa kwa njia gani. Siku ya mazishi yako Padri alisema kwamba wafu wanatusikia kuliko sisi tulio hai tunavyosikilizana. Basi sikia. Leo sikuimbii wimbo.

Nianze na habari za nyumbani, maana wewe ulipenda habari kwanza na maneno baadaye. Maji ya ziwa yamerudi nyuma. Yameacha alama kwenye ukuta wa atelye, chumba chetu cha kushonea, usawa wa goti. Mashini bado inakataa kushona jinzi mpaka uiambie pole, na watu wa motari, wale wa pikipiki, wanaendelea kuniletea makoti yaliyochanika pale pale chini ya kwapa. Wateja wako wa Kavimvira, kule mpakani, wanapita, wanauliza kama mkono wangu ni sawa na wako. Ninawajibu, "Mkono ni wake, mie niliazimwa tu." Hapa Songo, mtaa wetu wa Uvira, wanacheka. Zamani nilikuwa ninalisema neno lile kwa fahari. Siku hizi ninalisema, halafu ninainamia mashini.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa na miaka kumi na saba, baba amekufa, shule imekatika kwenye mwaka wa pili wa sekondari. Mama alinileta kwako na kuku mmoja. Hukunitazama uso. Ulitazama vidole, ukasema, "Uyu atashona." Na juu ya kichwa chako, ukutani, palikuwa na ile shuka. Dunia nzima imeshonwa juu yake: mipaka ya nchi kwa uzi mweusi, bahari kwa uzi wa buluu, ziwa letu kama kovu dogo refu katikati ya Afrika. Na vifungo. Vifungo mia moja. Nilifikiri ni mapambo, nikauliza kwa nini mapambo yamejaa upande mmoja tu.

Ulicheka mpaka ukatoa miwani. Hapo njo ukanieleza kwamba kila kifungo ni mtu. Kwamba kuna mchezo unaitwa eshek, ule ambao ndugu zetu wa Kigoma wanauita sataranji, wenye mfalme na farasi na minara, na kwamba dunia nzima inahesabu wachezaji wake na kuwapanga kwa nguvu. Weye uliwachukua mia wa kwanza ukamshona kila mmoja kwenye nchi yake. Kifungo kidogo cha shati ni mchezaji. Kifungo kikubwa cha koti, kile cha rangi ya kahawa, ni bingwa wa dunia.

Ulinifundisha sindano asubuhi na eshek wakati wateja wamepungua. Miraba uliichora kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Padri mzungu aliyekuachia mchezo ule alikuwa amepoteza vipande vingine, kwa hiyo mfalme mweusi alikuwa bobini ya uzi na farasi mmoja alikuwa kastabani. Mpaka leo nikivaa kastabani kidole kinataka kuruka kama farasi, mbili mbele, moja pembeni.

Na kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari, tulifunga mlango na kushusha shuka. Weye ulikuwa na orodha. Zamani ilitoka kwenye magazeti ya yule Padri mzungu, baadaye ulikuwa unapanda mjini kwenye nyumba ya mashini za enternete na kurudi na karatasi imekunjwa ndani ya kofia. Ulisoma, mie nikafumua na kushona. Njo ilikuwa desturi yetu. Sikuwahi kuishika ile karatasi. Kwa nini niishike? Ulikuwa unasoma weye.

Nilijifunza dunia kwa sindano, Fundi. Ulinihadithia kwamba zamani sana kifungo kikubwa kilikuwa Hispania na Italia, kikahamia Ufaransa, kikavuka kwa Waingereza, kikarudi kwa Wajerumani, halafu Warusi wakakichukua wakakikalia kama kuku na mayai. Mmarekani mmoja aliwanyang'anya kidogo, kikarudi. Nilipofika kwako nchi ile kubwa ilikuwa imeshapasuka, na mkono wangu njo ulishona mipaka mipya: Ukrenia, Armenia, Jorjia, Azabajani, Uzibekistani. Watu hawakusogea, ulisema, ni nchi zilizosogea chini yao. Wengine walisogea kweli. Nilifumua vifungo Urusi nikavishona Israeli, nikavishona Amerika. Nilikuwa ninawaombea njiani. Nilimwambia Bikira Maria, uyu leo amehama, umwangalie.

Halafu mwaka wa nane nikakufunga. Unakumbuka. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hatukuwa na mteja, na kastabani yangu iliruka ikamkuta bobini yako kwenye kona. Ukafuta miwani kwa kitambaa cha mteja. Ukasema, "Umeniua, binti. Tena umeniua vizuri." Nilirudi nyumbani ninaimba.

Januari ile ile, tukiwa na shuka magotini, hujafika India kwenye orodha, nilikuambia neno la mchezo tu. Nilisema, "Fundi, India ilikuwa tupu kama siye. Leo iko na mmoja. Basi na siye tutapata mmoja. Pengine ni minye mwenyewe!" Nikacheka. Weye hukucheka. Ulisema, "Endelea kushona."

Sikujua kwamba neno lile njo lilinifunga.

Toka hapo, miaka ishirini na zaidi, ulisoma na mie nikashona, na ramani haikusogea. Urusi, Urusi, Ukrenia, Urusi, Ujerumani, Urusi. "India?" ninauliza. "Yule yule mmoja." "Na kifungo kikubwa?" "Mosko. Kitaenda wapi?" Na ulikuwa unanyoosha kidole kwenye Kongo yetu kubwa, tupu, uzi mweusi mzunguko bila kifungo, unasema, "Weye binti, angalia karte ya dunia. Mchezo uyu ni wa bantu ba baridi. Siye Mungu alitupa sindano. Sindano si kidogo."

Nami niliamini, Fundi! Si kwamba ulinilazimisha. Niliamini kwa sababu nilishona mwenyewe. Muntu anaweza kukataa maneno, lakini atakataaje kitu ambacho mkono wake umekishona mwaka kwa mwaka?

Sasa sikia habari ya binti yangu Riziki, ambaye weye ulimbeba mgongoni kama mjukuu. Ulimfundisha eshek angali na meno ya maziwa. Miaka miwili iliyopita mwalimu wake alikuja hapa atelye, ungali hai, umelala kwenye mkeka na ule mguu wako mgonjwa. Alisema kule Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, watoto wa shule wanashindana eshek, na Riziki anaweza kwenda. Mtoto alinitazama. Mie nilifanya nini? Nilinyoosha kidole kwenye shuka. Nilisema, "Mwanangu, angalia. Hapa kwetu hakuna kifungo. Kila taifa liko na fungu lake." Maneno yako, Fundi. Kwa sauti yangu. Riziki alishika kitasa cha mlango akatoka. Na weye ulikuwa unasikia pale mkekani. Uligeukia ukutani.

Nilifikiri ni mguu unaokuuma.

Ulipokufa njo mie niliyekuvalisha. Koti lako jeusi lilikuwa limepoteza kifungo, na nilitafuta kwenye kopo lote sikuona kinacholingana. Basi nilipanda kwenye kiti, nikafumua kile kikubwa pale Mosko, nikakishona kwenye koti lako, juu ya moyo. Nilisema moyoni, acha bingwa wa dunia amsindikize fundi wangu. Na kanisani nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Marehemu hakuwahi kusema uongo, hata kwa mteja aliyekatiwa suruali fupi." Watu walilia. Mie nililia kuliko wote.

Ndugu zako waligawana nyumba na mbuzi. Mie niliachiwa mashini, shuka, na sanduku lako la bati. Sikulifungua. Ilikuwa kama kukufungua weye.

Njo Januari hii, baada ya Wafalme, Riziki akasema, "Mama, tusiache desturi ya babu. Minye nitasoma, weye utashona." Yuko na telefone ile ndogo niliyomnunulia. Alikaa kwenye kizingiti akatafuta orodha. Akanitazama mimi, akatazama ukutani, akarudi kwenye telefone.

"Mama, iyi karte iko na uongo."

Nilimrukia, Fundi. Nilimwambia koma. Nilimwambia ulimi wake utakauka. Aliniambia, tena kwa upole, na upole wake njo ulinichoma, "Mama, usinigombeze. Nitakusomea, weye ushone tu."

Akasoma. India. Nikashona. India. Nikashona. India, India. Nilifika mahali nikasema subiri, nafasi imekwisha, vifungo vinapandana. Uchina, vidole vya mkono mmoja havikutosha. Uzibekistani yetu, ile niliyoishonea mpaka kwa mkono wangu nikidhani ni jangwa tu, imejaa vijana. Uajemi. Vietinamu. Amerika imejaa waliozaliwa kwingine. Urusi bado wako, ndiyo, lakini si ile Urusi yako. Na kile kifungo kikubwa ulichokikalia Mosko, kumbe kilikuwa kimetembea! Kilikwenda India. Kikapanda kule Norveji, nchi ya barafu, nchi ambayo sisi hatukuwahi kuishonea hata kifungo kimoja cha shati. Kikaenda Uchina. Leo kimerudi India, kwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Na mie nilikizika Songo kwenye koti lako, nikidhani bado kiko Mosko.

Hata hivyo nilikutetea. Nilisema, "Babu yako hakujua. Karatasi za mjini zilikuwa za zamani." Nikaenda kufungua sanduku ili nimwoneshe.

Kaye zako zilikuwa chini ya mikasi, zimefungwa kwa utepe wa kupimia. Orodha za kila mwaka, mwandiko wako, herufi zimesimama kama mshono mzuri. Nilitafuta mwaka ule, mwaka niliokufunga. India, watatu. Umeandika watatu, Fundi. Mie nilishona mmoja. Mwaka uliofuata umeandika zaidi. Norveji umeiandika. Safari zote za kile kifungo kikubwa umeziandika, na tarehe. Ulijua kila kitu. Ulishika karatasi yenye ukweli mkononi, na mdomo ukasoma kitu kingine, na mie ninakutazama machoni ninasema amina.

Na pembeni mwa ukurasa ule wa India watatu, kwa biki nyekundu uliyoandikia vipimo vya wateja: "Nikimwambia, ataenda."

Basi. Maneno mawili. Nimeyasoma mpaka yamechakaa.

Ninajua unachotaka kuniambia. Kwamba mke wako alikufa bila mtoto. Kwamba kila uliyemfundisha sindano kabla yangu alivuka pale Kavimvira na mkoba wake, akakusalimia na mkono, hakurudi. Uliniambia mwenyewe siku moja, "Mie ninalea bantu ba Bujumbura." Ninajua. Ungeniomba, Fundi. Ungesema, Godeliva, usiniache. Mie ningekaa! Au ningekwenda nikarudi. Lakini weye hukuniomba. Ulichukua dunia nzima ukaifunga isitembee, ili mtu mmoja asiondoke Songo.

Na sikia jambo linaloniuma zaidi, nikuambie weye, sijamwambia hata Padri. Kwa Uvira hukunidanganya. Riziki amesoma orodha yote. Afrika iko na kimoja kule Misri, na mwaka mwingine hata hicho hakimo. Kwetu ni tupu kweli. Ungeniacha na ukweli wote, utupu wa Uvira pamoja na India, ningejua utupu ni mwanzo. India ilikuwa tupu. Ukaniachia utupu peke yake, ukaniambia ni sheria.

Kanisani sasa, tukisali Baba Yetu, ninafika "utusamehe makosa yetu," halafu ninanyamaza. Wenzangu wa kwaya wanaendelea, "kama tunavyowasamehe." Mie ninafunga mdomo mpaka wapite. Mama mmoja ameniuliza kama ninaumwa meno. Nimemwambia ndiyo.

Lakini nami si msafi, Fundi. Ningekaa hapa nikikuhesabia makosa yako ningekuwa mnafiki. Kidole nilichonyooshea mtoto wangu ni kidole changu. Weye uliniibia mie, mie nikachukua mkono ule ule nikamwibia Riziki. Nilimwita, nikakaa chini sakafuni kama mkosaji, nikamwambia yote, nikamwonesha na ile biki nyekundu. Alisoma. Akasema, "Babu alikuogopa, Mama." Akafunga kaye. "Na weye uliniogopa minye." Hakusema kwa hasira. Halafu akasema anasikia njaa, tukapika.

Mwalimu alirudi mwezi uliopita na habari ile ile ya Bujumbura. Safari hii sikutazama ukutani. Nilitafuta karatasi za njia, nikapanga foleni, nikashona sketi mpya ya buluu, na siku walipofungua mpaka nikamsindikiza hadi kwenye kizuizi. Nilisimama pale Kavimvira kati ya wabadilisha pesa na wamama wenye vikapu, pale pale uliposimama weye kuwapungia wanafunzi wako. Mwanangu alivuka akanipungia mkono. Nilikuelewa dakika ile, Fundi. Nilikuelewa kabisa. Miguu ilitaka kukimbia imrudishe. Na sikumrudisha.

Kukuelewa si kukusamehe. Nilitaka ujue tofauti.

Alirudi siku ya tatu. Alicheza mara tano, akashinda mara mbili, akashindwa mara tatu. Aliingia hapa anaruka, hata viatu hakuvua. "Mama! Iko binti mmoja wa Gitega, mufupi, anakula karanga wakati anacheza, amenimaliza na farasi mbili. Farasi mbili, Mama! Mwaka ujao simuachilii, hata alete na mbuzi!" Akachukua chaki akachora miraba kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja, anioneshe jinsi alivyouawa. Bobini alimweka kona. Nilitazama, nikaona mahali alipokosea. Nilimwonesha. Alinikazia macho. "Mama, weye ulijifunza wapi kuona vile?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta, nikalia. Si kwa sababu ameshindwa. Ni kwa sababu nimeona uso wa mtu aliyeshindwa mbali na nyumbani, na ulikuwa unang'aa. Mie sikuwahi kuwa na uso ule. Weye uliniacha nikufunge weye peke yako, hapa, mlango umefungwa. Uliniibia ushindi, hilo ninaweza kubeba, huenda usingekuwepo. Lakini uliniibia na kushindwa. Hata kushindwa, Fundi!

Ninakaribia mwisho wa karatasi.

Shuka iko ukutani. Nimeifua, nimeishona upya yote, vifungo mia. Kwa bingwa nimetoa kifungo kwenye koti langu la Jumapili, nimekishona India, ninafunga koti kwa pini sasa. Kile chako kaa nacho. Sitakuja kukidai. Kama huko uliko kuna mtu anayecheza, mwambie ukweli, kwamba hicho si cha bingwa tena, ni kifungo tu, kilichoshonwa na mtu aliyekupenda na hakujua.

Lala, Fundi wangu. Lala kwa amani ya Kristo. Ninakuombea amani hiyo hata siku ambazo mie mwenyewe sikupi. Jumapili iliyopita, tukisali Baba Yetu, nilifika kwenye "kama," neno likatoka mdomoni. Moja tu. Yaliyobaki yatakuja kwa wakati wao, siyasukumi.

Na ahadi yangu ni hii. Kila mwaka baada ya Wafalme tutashusha shuka. Riziki atasoma, mie nitashona, na karatasi tutaibandika ukutani pembeni ya shuka, yeyote anayeingia kupima suruali aisome mwenyewe. Hapa kwetu, kwenye ncha ya juu ya ziwa, sitashona kifungo cha uongo, hata kwa upendo. Nimeacha tupu. Nimechomeka sindano tu pale, na nimeitia uzi.

Mwanafunzi wako,
Godeliva